Zulia Jipya Juu ya Reli Iliyooza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka chakula hunishinda, na mimi si mtu wa kushindwa na chakula. Leo nitaikumbuka kwa makusudi, kwa sababu yako.

Nimeambiwa umepata kazi katika karakana ya ndege, ile ya kubadilisha viti, mazulia na dari. Nasikia siku hizi kazi hiyo imeshamiri. Ndege mpya zinachelewa kutoka viwandani, na wenye mashirika wanaona afadhali wazivalishe upya zile kuukuu zinazokwenda safari za mbali. Hongera. Mimi niliifanya kazi hiyo kabla hujazaliwa, tena niliifanya kwa mikono mizuri, na nilipotoka nilitoka kwa aibu. Watu wa hapa kijijini Munje wanajua kwamba nilikuwa fundi wa ndege. Hawajui kwa nini niliacha, maana hilo sikulipigia mbiu.

Baba yangu alifariki ningali nanyonya. Aliyenilea ni mjomba Nasoro, kaka yake mama. Kwetu sisi Wadigo huna haja ya kuelezwa mjomba ni nani. Zamani hata shamba la minazi lilimwendea mpwa kabla ya mwana. Mjomba ndiye aliyenitia chuoni, ndiye aliyenisimamia jandoni, na ndiye aliyeniweka mbele ya cherehani akanifundisha kupima kwa jicho. Nilianzia kwenye mahoteli ya Diani, nikishona matakia ya viti vya ufukweni. Jua na chumvi huvila vitambaa upesi, kwa hiyo fundi wa pale halali njaa. Nikawa na maringo, sikufichi. Nilidhani nikishajua kushona nimeshajua kazi.

Mjomba alipopewa usimamizi wa mafundi katika karakana moja kule Mombasa, kando ya uwanja wa ndege, alinivukisha kwa feri ya Likoni nikafanye naye kazi. Mama alilia kwa furaha. Alinishika mkono akaniambia, "Bakari, mjomba wako asemalo ndilo. Usinitie aibu." Nikaapa kwamba sitamtia aibu.

Ndege tuliyopewa ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, imeruka miaka mingi kuliko umri wangu. Ndani ilinuka miguu na kahawa. Tuling'oa viti vyote, tukavivua vitambaa, tukavitia sponji mpya na kitambaa cha buluu ambacho nilikikata mwenyewe. Kazi yangu ya pili ilikuwa kufunua zulia la zamani na kulaza jipya.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pa kuelewa. Kiti cha ndege hakipigiliwi misumari. Sakafuni mna reli ndefu za alumini, na miguu ya kiti hukamatwa na reli hizo. Reli ikiwa nzima, kiti hakitoki hata ndege ikitua kwa kishindo. Reli ikioza, kiti kinakuwa kama hicho cha sebuleni kwenu, kinakaa kwa sababu hakuna aliyekisukuma. Na adui wa reli ni maji. Mahali yanapomwagika sana, karibu na choo na karibu na jiko, ndipo inapoliwa.

Nilipofunua zulia la safu ya mwisho upande wa choo, nilikuta reli imejaa ungaunga mweupe. Nikadhani ni sabuni. Nikaukwangua kwa bisibisi, na kipande cha reli kikatoka na bisibisi, laini kama mhogo uliooza. Nikasogea hatua moja nikakwangua tena. Kikatoka kingine.

Nikaenda kumwita mjomba. Akaja, akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya ule unga, akakitazama. Najua aliona. Mjomba hakuwa mjinga wala mtu mbaya, na nakuomba usimfikirie hivyo hata nitakapomaliza. Lakini ndege ilikuwa itoke kesho yake, wakubwa walikuwa wamempigia simu mara mbili asubuhi ile, na kubadilisha reli kungeichelewesha wiki mbili au zaidi. Akainuka akapangusa magoti.

"Sisi ni mafundi wa vitambaa," akasema. "Chuma kina wenyewe."

"Mjomba, basi tuwaite hao wenyewe."

"Bakari." Aliniita jina tu. Nilipokuwa mdogo alikuwa akiniita hivyo kabla ya fimbo. "Laza zulia."

Nikalilaza. Kanuni ilikuwa sakafu isifunikwe kabla mkaguzi hajaiona, lakini mkaguzi alikuwa ameitwa kwenye ndege nyingine, na mjomba alitaka akirudi akute viti vimeshakaa. Nikalivuta zulia lisiwe na mkunjo hata mmoja. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo nilikuwa naijua, na nikaifanya kwa mikono yangu mwenyewe huku nikiona fahari kwamba pembe zimekaa vizuri.

Alasiri mkaguzi akarudi. Alikuwa mtu wa bara, mpole, ana miwani. Hakufurahi kukuta sakafu imefunikwa. Akapita safu kwa safu akivitikisa viti, na kiti kisicho na mtu kikitikiswa kwa mkono hakisemi siri yake. Akafika nyuma, akanitazama mimi, si mjomba.

"Kijana, wewe ndiye uliyefunua huku?"

"Ndiyo, bwana."

"Mimi sikuwepo. Uliona lolote chini ya zulia?"

Mjomba alikuwa amesimama kando yangu. Hakunikonyeza, hakukohoa, hakunigusa. Alitazama nje ya dirisha tu. Mwanangu, ningependa kukwambia kwamba alinilazimisha. Hakunilazimisha. Nilifikiria mama akinililia. Nilifikiria shamba la minazi pia, maana binadamu ni binadamu. Zaidi ya yote niliona haya. Nitamfanyaje mjomba wangu mwongo mbele ya mgeni?

"Sakafu iko sawa," nikasema.

Akanipa karatasi, nikaandika jina langu kwa mwandiko mzuri. Ndege ikatoka kesho yake, ndani ikinukia upya.

Wiki saba zikapita. Nilikuwa mezani nakata kitambaa, redio imewashwa, nikasikia kwamba ndege ile tuliyoivalisha imetua kwa kishindo katika mvua, nchi ya mbali huko. Ilisimama, haikuwaka moto, na abiria karibu wote walishuka kwa miguu yao. Safu moja tu ya viti iling'oka ikaenda mbele na watu wake. Mtangazaji hakusema ni safu gani. Sikuhitaji kuambiwa. Nikaulaza mkasi juu ya kitambaa, sikukata tena siku hiyo.

Watu wawili waliokuwa kwenye safu ile waliumia wakapona. Wa tatu, aliyekuwa dirishani, alikuwa msichana wa Ukunda aliyeitwa Agnes. Wazazi wake walikuwa wametoka bara wakahamia pwani kutafuta riziki, naye alikuwa mtandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, ambayo viti vyake nilivishona mimi. Alikuwa amepata kazi ng'ambo, ndiyo safari yake ya kwanza kupanda ndege. Miguu yake ilibanwa. Mmoja ulikatwa hukohuko. Wa pili waliuacha, lakini haukutembea tena.

Watoto hufundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa la mtu mwingine.

Wachunguzi walipokuja karakanani walituuliza mmoja mmoja. Mjomba alisema hakuona kitu. Nami nikasema sikuona kitu. Mara ya pili uongo haukuniuma sana kama mara ya kwanza, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaanza kukonda. Mama alidhani nimerogwa, akanichemshia majani, nikayanywa ili asiniulize zaidi.

Agnes aliporudishwa nyumbani nilikwenda Ukunda kumwona. Mlangoni nilijitambulisha kuwa fundi wa viti wa hotelini kwake, na huo haukuwa uongo, ila ulikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli ina ladha ileile ya uongo. Mama yake akanikaribisha chai, kisha akatoka kwenda sokoni. Agnes alikuwa ameketi kitandani, shuka hadi kiunoni. Tulizungumza habari za hoteli. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kuhadithia ndege.

"Unajua nilipoingia nilikuwa na woga sana," akasema. "Nilikuwa nimesikia hizo ndege ni za zamani. Lakini nilipoketi nikapapasa kile kiti, nikaona kitambaa kipya, zulia jipya, kila kitu kinanukia. Nikamshukuru Mungu. Nikamwambia mama wa karibu nami, hii ni ndege mpya kabisa."

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa sikuenda pale kusema. Nilikuwa nimekwenda kumtazama tu, kama mwizi anayepita karibu na nyumba aliyoibia. Lakini aliposema alikipapasa kitambaa, kitu kilinikatika. Nikamweleza yote, reli, bisibisi, mkaguzi mwenye miwani na jibu nililompa. Nilimwambia kwamba aliyesema sakafu iko sawa ni mimi.

Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Kwa nini hukusema?"

"Mjomba wangu alikuwa amesimama pale. Yeye ndiye aliyenilea."

"Mjomba wako hakupanda ile ndege." Akalivuta shuka. "Sasa hebu niambie. Ungesema ukweli, mjomba wako angekasirika siku ngapi?"

Katika siku zote zile nilikuwa nimeiogopa hasira ya mjomba kama watu wanavyoiogopa Kiyama, na hata mara moja sikujiuliza ina urefu gani.

"Nenda," akaniambia. "Sina nguvu ya kukutazama."

Kutoka pale sikwenda nyumbani. Nilivuka Likoni nikaenda moja kwa moja kwa wachunguzi, nikaandika maelezo mapya, nikatia sahihi ileile. Mimi na mjomba tukafukuzwa siku moja. Karakana ikafungiwa kazi kwa muda, na mafundi wasio na hatia wakakaa bila mshahara, wakanilaani, na walikuwa na haki yao. Mjomba akanitumia ujumbe kwa mama kwamba hana mpwa. Mama hakula siku hiyo. Nami nikajifungia Munje, nikalima mihogo, nikingoja nione dunia itakavyokwisha.

Mjomba Nasoro akaja mwenyewe asubuhi moja, kwa miguu kutoka barabarani. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akanitazama nikimenya mihogo.

"Bakari, siku ile ungenikatalia, ningekutukana matusi yote niyajuayo," akasema. "Pengine ningekufukuza palepale. Halafu ningerudi nyumbani, nikose usingizi, na asubuhi ningemwita yule mkaguzi mimi mwenyewe. Wewe unanijua. Kwa nini ulinitii?"

Nilikasirika, mwanangu. Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyesema laza zulia, sasa ananitupia mimi mzigo. Nikaendelea kumenya, maana tulikuwa wawili na dhambi ile ilitutosha sote wawili. Nikamwona analia. Sikuwahi kumwona mjomba akilia, hata siku tulipomzika bibi.

Alipoondoka nilihesabu. Tangu siku aliponikana hadi siku ile aliyokuja, zilikuwa siku kumi na mbili. Hiyo ndiyo hasira niliyoikimbia. Siku kumi na mbili, mwanangu, na miguu ya msichana wa watu.

Mjomba alifariki mwaka uliofuata, tumeshapatana. Agnes hakunisamehe. Nilirudi mlangoni kwake mara mbili, na mara zote mbili mama yake aliniambia amelala, mchana kweupe. Sikurudi tena, kwa sababu msamaha haudaiwi. Mwenye jeraha ndiye ajuaye kama anao wa kutoa.

Basi nasaha yangu ni hii. Waheshimu wakubwa zako, waamkie, wapishe, wabebee mizigo. Lakini heshima si utumwa, na mkubwa aliyekosea anaheshimiwa kwa kuambiwa, kwa sauti ya chini kama inawezekana, na kwa sauti ya juu ikibidi. Ukiulizwa umeona nini, sema ulichokiona, hata kama aliyekuzaa amesimama kando yako anatazama dirishani. Hasira yake utaivumilia, itakuuma, itapita. Na ukikuta kimeoza, usikifunike kwa kitu kizuri, kwa maana atakayekuja hataona uozo. Ataona uzuri wako, atauamini, na ataketi juu yake akimshukuru Mungu.

Mwenyezi Mungu akulinde na kazi yenye sifa nyingi kuliko ukweli. Akupe jicho la kuona, na ulimi usioona haya. Na wote watakaoketi juu ya kazi ya mikono yako, wageni usiowajua wala hutawajua, awafikishe waendako wakitembea kwa miguu yao. Amina.