Baba Mkwe Nje, Mkwe Ndani ya Tangi

Katika karakana ya mgodi kule Saza, kazi ya ribiti, misumari minene ya kuungia mabati, ilitaka watu wawili: mmoja nje ya tangi na nyundo, mwingine ndani, akikandamiza kipande cha chuma nyuma ya ribiti ili pigo lipate pa kutulia. Aliye ndani haoni nyundo inapoinuka. Anamwachia mwenzake uso wake.

Asubuhi ile tangi la maji lilikuwa limetoboka. Mabati yalikuwa yamekwisha, nyapara akaamuru tutie kiraka cha shaba. Shaba na bati vikigusana penye maji, bati huliwa. Kwa hiyo kati yake tuliweka kipande cha turubai kilicholowa lami. Fundi wetu, Mnyiha wa Isansa, alitoboa matundu bila kumtazama mtu. Tulijua sababu. Binti yake alikuwa amefika kwake alfajiri, jicho limevimba likaziba, mdomo umepasuka. Mume aliyempiga alikuwa mwenzetu wa kazi, na alikuwa amesimama pale pale.

"Nani anaingia ndani?" nyapara aliuliza.

"Mkwe wangu," fundi alijibu.

Watu wakaguna. Kwetu mkwe hali hata sahani moja na baba mkwe wake. Mmoja akacheka, "Haya shemeji, kasalimie ukweni!" Yule mume akapanda kifua mbele, akashukia ndani kwa ngazi niliyoishika.

"Toa ngazi," fundi aliniambia. Nikaitoa.

Ribiti ya kwanza ilikwenda mapigo manane, kama kawaida. Ya pili vilevile. Ya tatu hakuipiga. Alipiga kando ya kiraka, kwenye bati tupu, kwa nguvu zake zote. Bati likabonyea ndani, likampiga usoni yule asiyekuwa na pa kukwepea, tukasikia ukelele.

"Baba! Nimekosa, baba!"

"Na yeye hakukwambia hivyo?" Akapiga. "Hakukuomba?" Akapiga tena.

Nilihesabu mpaka ishirini na sita. Damu ilianza kuchuruzika katika matundu ambayo hayajazibwa. Ndipo nikarudisha ngazi, mimi na nyapara tukamtoa. Meno mawili hayapo, damu inatoka masikioni. Tulimwita, hakugeuka.

Mchana binti alikuja mbio. Alimpita baba yake, akapiga magoti, akamfuta mumewe uso kwa pindo la nguo, akamsemesha. Akarudia kwa sauti kubwa. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, umenifanyia nini?"

"Nilikuwa nakupigania wewe, mama."

"Jana nilikuwa na mume anayenipiga. Leo nina mume anayenipiga na hasikii nikilia."

Akamwinua, wakaondoka pamoja kuelekea kwao. Fundi akaishika nyundo, akaiweka chini, akaishika tena. Mwisho akanipa mimi.