Nilisema "Ni Mwenyewe", Wakamfukuza Ziwani

Nimekosa, na ubaya wake ni kwamba kosa langu lilileta faida. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nikisema ukweli, je, watu wa Rubona, kijiji cha wavuvi, watarudia kumwaga sumu ziwani? Nikinyamaza, mtu asiye na hatia atalala njaa na watoto wake. Nililigeuzageuza jambo hili mpaka mama akaniuliza kama nimelogwa.

Mimi ni kijana wa Gisenyi. Nimemaliza shule juzijuzi, nikaajiriwa kwenye gari la sinema linalozunguka kuwafunza raia. Filamu hizo hazisemi Kiswahili. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya shuka nyeupe ya kuonyeshea picha, na mikro ya kupazia sauti mkononi, nieleze kila kinachoonekana. Msomaji, mimi ni mtu wa wasiwasi. Kila neno nililipima kabla ya kulitamka. Kila neno isipokuwa hilo moja!

Jioni ile pale Rubona tulionyesha filamu ya utupa, yale majani yanayotwangwa na kutiwa majini ili samaki walewe na kuelea. Wakubwa huokotwa, wadogo huachwa waoze. Filamu yenyewe ilipigwa nchi nyingine, kwenye ziwa ambalo hata mimi silijui.

Tangu mwanzo watu walipiga soga. Nilipotaja wajukuu wao watakaokosa samaki, wakapiga miayo. Mmoja akaniambia nipunguze maneno, amekuja kuona picha si kusikiliza misa. Niliwachukia, nakiri. Niliwaona wajinga wanaonicheka huku wakiharibu chakula chao.

Ndipo ikatokea sura ya mtu akitwanga majani, paji pana, jicho moja dogo kuliko lingine. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti kama huyo si Bahizi. Bahizi ni mvuvi wa pale pale, mkimya, asiye na ndugu wengi wa kumsemea. Kweli walifanana. Umati wote ukanyamaza, kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Karani," mtu akaniita kutoka nyuma, kama wanavyomwita kila aliyesoma, "iko Bahizi?"

Nikasema, "Ni mwenyewe."

Baadaye nilijitetea moyoni. Nilimaanisha mwenyewe mkosaji, yule wa kwenye picha, sikumtaja Bahizi. Uongo mtupu! Nilijua walichouliza na nilijua watakachosikia. Nilitaka tu ule ukimya usinitoroke.

Filamu ikafanya kazi yake. Utupa uling'olewa mashambani, vijana wakajipanga kulinda ufuko. Bosi wangu alinisifu, akasema nimewaamsha raia wajue wajibu wao. Wajibu gani! Waliukata wavu wa Bahizi vipande vipande, na aliyetangulia kushika kisu ni mtu ambaye Rubona nzima inajua alikuwa akiuza utupa. Mkewe alipopeleka viazi soko la Mahoko, waliuliza kama navyo vimeleweshwa. Na mvuvi hatoki peke yake: mmoja hupiga kasia, mwingine hushusha wavu. Hakuna aliyekubali kupanda mtumbwi mmoja naye.

Siku moja Bahizi akaja nyumbani kwetu. Nilidhani amekuja kunipiga, nikasogea karibu na mlango wa nyuma. Hakuinua mkono.

"Karani, mulinipiga picha siku gani?" akauliza polepole. "Mi sijatwanga ile majani hata siku moja. Ao ile mashini inaona hata kitu mutu hajafanya?"

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake nikamwambia kwamba mambo ya filamu ni magumu kueleza.

Akanitazama. "We ulisoma, na inakushinda kueleza. Bon." Akaondoka.

Gari lilipopangwa kurudi Rubona, niliomba mikro kabla ya filamu kuanza. Nikasema mtu wa kwenye picha si Bahizi, hajawahi kufika kwetu, na aliyedanganya ni mimi. Nilitegemea watamwonea Bahizi huruma. Hakuna aliyemtaja.

"Donc hii maneno ya samaki nayo iko uongo?" akadakia yule wa kisu. "Basi kesho tunatwanga."

Wakacheka, kicheko kibaya. Hofu yangu yote ya usiku ilikuwa imesimama mbele yangu. Niliwaambia kwamba samaki wadogo wanaooza hawakutoka kwenye shuka, kila mmoja wao amewahi kuwakanyaga ufukoni. Bonge la udongo likanipata begani. Wakaniita mtoto wa mjini, msaliti, kibaraka wa Wazungu. Bosi akazima injini ya sinema, akaniambia nisipande gari lake tena.

Wewe unayefundisha watu kwa filamu, nakuonya. Picha ina nguvu kweli, nimeiona ikiamsha umati uliokuwa unasinzia. Lakini wale hawakuamka kulipenda ziwa. Waliamka kumchukia mtu, na mimi ndiye niliyewapa mtu huyo. Wakishampata, hawana haja tena ya kuitazama mikono yao wenyewe. Usiwape. Wakipiga miayo, waache wapige, kisha uwaeleze tena.

Asubuhi nilishuka ufukoni. Bahizi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi wake, akiunga vipande vya wavu. Nikamwambia nimekuja kupiga kasia.

"Unajua?"

"Sijui."

"Kuogelea?"

"Pia sijui."

Alimaliza kufunga fundo, akaukata uzi kwa meno. "Mi sijakusamehe," akasema, akinipa kasia. "Shika hii."

Tuliusukuma mtumbwi majini mbele ya watu wote. Walitutukana sisi wawili mpaka tukawa mbali, tusiwasikie tena. Utupa bado unatwangwa na baadhi yao, wengine wameuacha. Mimi napanda na Bahizi kila alfajiri, na bado hajanisamehe.