Ngamia wa Miguu Minne

Nimemdanganya mtu asiyeona, na uongo wenyewe umetundikwa ukutani kwake, juu ya kiti anachokalia kila siku. Nauandika hapa bila jina kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Kosa ni langu. Hakuna aliyenisukuma.

Mimi ni msichana wa Kitanzania, nimepanga chumba huku ughaibuni, mtaa wa Kilburn. Siku za kazi niko ofisini, wikiendi nachora. Sijafundishwa na mtu, nilijifunza kwenye video. Nachora michoro ya asili ya Kihindi: ile ya samaki na maua yaliyojazana bila kuacha nafasi, na ile ya watu wembamba wa rangi nyeupe wanaocheza kwenye duara. Naichora kwenye sinia za mbao, kwenye fremu za vioo, kwenye vibao vya kuwekea vikombe, halafu nauza. Wateja husifu mistari yangu. Hawajui kwamba mstari ukitetemeka kidogo tu sipati amani. Nausugua kwa msasa na kuanza upya.

Bibi huyo niliyemdanganya nilikutana naye mtaa wa Kenton, kwenye ukumbi mmoja tulikokuwa tunauza kazi za mikono. Nilikuwa naongea na mama yangu kwenye simu. Mzee wa Kihindi, amevaa sari na koti zito juu yake, akasimama mbele ya meza yangu mpaka nikakata simu.

"Wewe ni wa Mwanza," akasema.

"Umejuaje, Bibi?"

"Nimesikia unavyogombana na mama yako. Mimi nimezaliwa pale, nyuma ya duka la baba yangu. Sasa mbona unachora vitu vya kwetu na hukuja kuniomba ruhusa?"

Nikacheka, naye akacheka. Akavuta kiti, akakaa upande wangu wa meza kama tunauza pamoja.

Akanieleza anachotaka. Nyumbani kwao Mwanza, mama yake alipamba ukuta wa sebule kama wanavyofanya kwao Kutch, India. Unaviringisha udongo kwa vidole uwe kamba nyembamba, unaubandika ukutani kwa mchoro unaoutaka, unapachika vipande vya vioo, kisha unapaka chokaa. Kulikuwa na tausi wawili, mti, na ngamia. Ngamia huyo alikuwa na miguu mitano. Mama yake aliitwa dukani kupima sukari akiwa hajamaliza, aliporudi akasahau alikuwa amefika wapi, akaongeza mguu. Watoto walicheka mpaka wakafukuzwa sebuleni. Tangu hapo kila mgeni aliyeingia aliambiwa ahesabu.

"Nitengenezee kwenye ubao nitundike," akasema. "Lakini upesi, binti yangu. Daktari wa macho ameshaniambia ukweli. Nataka nimwone ngamia wangu nikiwa bado naona."

Sasa sikilizeni akili yangu ilivyofanya kazi. Nilijiambia: kama hiki ni kitu cha mwisho atakachokiona vizuri, basi kisiwe na kasoro hata moja.

Udongo ulinishinda. Ukikauka unapasuka. Kamba moja inakuwa nene hapa, nyembamba pale, na alama za vidole zinabaki. Nilitupa ubao, nikaanza mwingine, nikatupa na huo. Mmoja ulikaribia kuwa sawa. Tausi walitazamana vizuri, ngamia alikuwa na miguu yake mitano, ila ufa mwembamba ulipita shingoni mwa tausi mmoja. Nikauvunja vipande na kuutia kwenye pipa la taka. Ubao ule ndio unaoniuma kuliko yote.

Bibi akapiga simu. Nikamwambia vioo havijafika.

"Vioo gani hivyo? Vinatoka India kwa miguu?"

"Vinakuja, Bibi."

"Waambie wavipandishe ndege. Mimi nasubiri na macho yangu hayasubiri."

Baadaye akapiga binti yake, Dada Rekha, anayeishi naye. Yeye aliletwa huku akiwa mdogo, na Kiswahili chake ni kile alichokisikia jikoni kwa mama yake. "Dada, sikia," akasema. "Leo Mama amemwaga chai nje ya kikombe. Lete hiyo kitu. Kama haijaisha, lete tu, please."

Nikasema wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika nikasema tena wiki ijayo. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa nafuta na kuanza upya.

Mwisho niliuacha udongo kabisa. Nikachora kwa rangi na brashi, nikaweka kivuli cha kijivu kando ya kila mstari ili ionekane kama udongo umeinuka. Hata vioo nilivichora. Nikasugua, nikapiga vanishi, nikasugua tena, ubao ukateleza kama uso wa simu. Ngamia nilimpa miguu minne. Wa tano mkono wangu uliukataa. Nilijidanganya kwamba Bibi akimwona ngamia mzuri vile hatahesabu.

Nilipanda basi nimeukumbatia ubao kama mtoto mchanga. Dada Rekha alifungua mlango, akautazama, akanitazama, akanipisha. Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Aligeuza uso aliposikia hatua zangu, lakini macho yake yalipita kando yangu, yakakaa kwenye kabati.

Nilielewa hapo hapo kwamba haoni tena.

"Umeleta?" akauliza. "Nipe."

Nikamwekea ubao mapajani. Akapitisha kiganja juu yake, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akarudia. Akageuza ubao, akapapasa na nyuma.

"Hapa ndipo mbele?"

"Ni upande ule ulioanza kuushika, Bibi."

"Laini sana," akasema. "Ya Mama ilikuwa inakwaruza. Tausi yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole chake. Mti pia. Alikuwa anatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesifu chakula kisicho na chumvi. Kisha akauliza, "Na ngamia yupo?"

"Yupo."

"Ana miguu mingapi?"

Ningeweza kusema kweli. Dada Rekha alikuwa amesimama pale, anaiona kwa macho yake. Nikasema, "Mitano."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Nihesabie," akasema. "Shika kidole changu, nihesabie."

Nikakishika. Kilikuwa cha baridi na chepesi. Nikakiweka kwenye mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Halafu nikakisogeza pembeni, pasipo na kitu, nikasema, "Tano."

"Mama yangu huyo," akasema. "Mama yangu kabisa."

Dada Rekha aligeukia dirisha.

Ubao ukatundikwa. Kila mgeni anaambiwa ahesabu, na Dada Rekha huwawahi mlangoni kuwanong'oneza waseme mitano. Nimeifanya familia nzima kuwa waongo. Kuna jirani mmoja hakuwahiwa, akasema minne. Bibi akamjibu kwamba watu wa siku hizi hawajui kuhesabu.

Mnaweza kuniuliza, si uongeze huo mguu? Nilipata nafasi. Dada yake Bibi anakuja kutoka mji wa Leicester, aliyekulia nyumba ile ile ya Mwanza, naye anaona vizuri. Dada Rekha akanipigia: "Mimi napeleka Mama kwa hekalu. Wewe kuja, weka mguu." Akaniachia funguo.

Nilikwenda. Nilichora mguu wa tano. Ukaegemea kushoto kidogo, haukulingana na ile mingine, nikaufuta rangi ikiwa mbichi. Nikachora mwingine, goti likakaa juu mno. Nikafuta. Nilijua kwamba mguu uliopinda ndio hasa uliotakiwa. Nilijisemea kwa sauti: uache, uache hivyo hivyo. Mkono ukachukua kitambaa. Niliendelea mpaka nikasikia sauti ya Bibi nje, anamsimulia binti yake jambo huku anapanda ngazi. Nikafunga chupa ya rangi. Ngamia alikuwa safi, anang'aa, amesimama kwa miguu minne.

Nawaambia ninyi mnaotengeneza vitu kwa mikono: kama kuna mtu anakusubiri, mpelekee kitu chake leo. Kipeleke na ufa wake, na alama zako za vidole. Usimfanye mtu alipie hofu yako. Mimi nilidhani namheshimu Bibi, kumbe nilikuwa najiogopa mwenyewe.

Dada yake anafika Jumapili. Bibi amenialika chakula cha mchana. Anasema nisikose, anataka niwepo dada yake atakapohesabu.