Nilivyomwamkia mke wangu shikamoo, ukoo ukaamua nimelogwa

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimeona na mimi nitoe la moyoni. Chumvi sijaongeza. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana shemeji zangu wengine wamo humu humu.

Wenye haraka ya kucheka, chekeni mapema tumalizane, halafu tuendelee.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, hapa Katoro, Geita. Kwetu asili ni Mhunze, Kishapu. Pale karakana vijana wananijua kwa mdomo. Nikisema shika hapa, unashika hapa.

Mke wangu tumwite Mama Limi. Ni Msumbwa wa Ushirombo. Ana duka la vifaa vya wachimbaji: gambuti, sururu, kamba, tochi za kichwani. Wanaume wanaoshuka shimoni bila woga wakifika kwenye kaunta yake wanakuwa wapole ghafla. Habembelezi mtu.

Sasa tatizo langu, kama ni tatizo.

Tangu nianze kuwa mtu mzima mwenye akili zake, mwanamke akiniamuru kwa sauti ya utulivu, mimi nakwisha. Sio kupigwa. Sio kutukanwa. Kuamriwa. Wenzangu walikuwa wanasifia maumbo, mimi macho yangu yako kwa yule anayesema "kaa pale" na hageuki kuangalia kama nimekaa.

Nilidhani nina pepo. Kweli kabisa. Nilienda kuombewa, nikadanganya kwamba nasumbuliwa na ndoto mbaya, nikaanguka kama wenzangu wanavyoanguka, nikarudi nyumbani nikiwa yule yule.

Halafu likaja kabati.

Nilikuwa Shinyanga mjini, sijaoa, nikanunua kabati kuukuu la mbao la kuwekea spana. Aliyeniuzia alisema limetoka kwenye nyumba moja ya zamani Mwadui, zile walizokaa wazungu wa almasi enzi hizo. Droo ya chini ilikuwa imegoma. Nilipoing'oa kwa bisibisi nikakuta bahasha kubwa, ndani yake michoro.

Wakuu, naomba niielezee vizuri hiyo michoro, maana ndiyo iliyoniponya kichwa na ndiyo iliyotaka kunivunjia nyumba.

Ni ya wino mweusi, karatasi zimeiva rangi ya chai. Wanawake warefu, viuno vimebanwa, mabuti yamefungwa kamba mpaka juu ya goti, glavu mpaka kwenye kiwiko. Uchi hakuna. Wamejistiri kuliko mabibi harusi wetu wa siku hizi. Miguuni mwao kuna wanaume. Mmoja anapiga buti rangi, mmoja kabeba sinia la chai. Mwingine kapiga magoti na viganja chini, ana mkanda shingoni, na mwanamke kamkalia mgongoni anasoma gazeti.

Nilichokitazama sana sio mabuti. Ni sura za wale wanaume. Wametulia. Mchoraji angeweza kuwachora wanalia, au wanaonekana mazuzu. Kawachora kama watu waliotua mzigo.

Nilikaa sakafuni na zile karatasi mapajani. Kuna mtu, nchi nisiyoijua, kabla mimi sijazaliwa, alikaa na kalamu akachora kile kile ambacho mimi nilikuwa naombewa kitoke. Na mtu mwingine akakisafirisha mpaka Mwadui akakificha kwenye droo. Tayari tulikuwa watatu. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka machozi.

Baadaye nikaingia mtandaoni nikajua wenzetu wana hadi jina lake, femdom, yaani mwanamke kuwa mtawala, na kwamba michoro ya zamani ya namna ile kuna watu wanaikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Huko pia kuna mambo mengi ya ovyo. Makelele, matusi, watu kuumizana, mengine hata siyatamani. Ila kwa waungwana wa huko nilijifunza jambo moja: hakuna linalofanyika mpaka pande zote mbili zikubali zikiwa na akili timamu, na lazima liwepo neno la kusimamisha. Anayelipuuza neno hilo sio mwenzao, ni mkorofi tu.

Mama Limi nilimwambia kabla sijapeleka ng'ombe kwao. Nilimwonyesha michoro. Akaipitia yote taratibu, kama anakagua mzigo mpya wa dukani.

"Haya mabuti hayafai shimoni," akasema. "Yana kisigino."

Halafu akaniuliza, "Wewe unataka nini hasa?"

Nikamwambia nataka nimwamkie.

Wageni wa kanda hii niwaeleze. Kwetu mwanamke ndiye anayepiga goti, kwa mumewe, kwa wakwe, kwa wazee. Shikamoo inapanda, haishuki. Mwanaume kumpigia goti mkewe na kumwamkia ni jambo ambalo hata jina halina.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alijaribu, na siku moja akaacha kucheka.

Utaratibu wetu ni Jumapili mchana, watoto wakiwa mafundisho kanisani. Anatoka dukani, anakaa kwenye kiti, mimi napiga goti, namvua gambuti, nasema, "Shikamoo, mama." Hajibu haraka. Ananiacha kidogo. Halafu anasema "marahaba" na kunitajia kazi za siku hiyo. Mengine ni ya chumbani, na yabaki chumbani.

Neno letu la kusimamisha ni Isaka, ule mji wa bandari kavu, kwa sababu pale malori yote yanasimama. Tumeshalitumia, yeye na mimi. Likisemwa tunaacha, tunachemsha chai.

Niliwahi kumuuliza yeye anapata nini. Akasema, "Siku nzima nasimama. Ukinivua viatu ndiyo nasikia nimekaa kweli."

Sasa twende kwenye msala.

Mama yangu mzazi alikuja kutoka Mhunze bila taarifa. Jumapili mchana, na komeo tulikuwa tumesahau. Akaingia na kuku wa zawadi mkononi, akanikuta nimepiga goti, nimeshika gambuti la mke wangu, natoa shikamoo.

Alimweka kuku chini. Mama Limi akanyanyuka haraka, akapiga goti yeye, akamwamkia. Mama aliitikia kwa shida.

Usiku ule kulikuwa na wali na kuku, mama akasema tumbo linamsumbua. Asubuhi chai akaikataa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana kwetu mzazi akiacha kula chakula cha mkwewe haumwi tumbo.

Nilipoenda karakana, akatafuta blanketi. Akavuta droo ya chini ya lile kabati. Kwa nini haikuwa na kufuli, msiniulize.

Wakuu, jiwekeni kwenye nafasi yake. Mama kakulia Kishapu. Tangu mtoto anasikia kwamba mchawi anapanda fisi. Anasikia habari za msukule, mtu aliyechukuliwa akili anatumikishwa na kila anachoambiwa anafanya. Jana kamkuta mwanaye anampigia goti mkewe. Leo anaona mwanamke mwenye nguo nyeusi kampanda mwanaume aliyefungwa shingoni. Yeye hakuona sanaa ya zamani ya mzungu. Alimwona mwanaye.

Akachukua mchoro ule mmoja, akapanda basi bila kuaga.

Haikupita wiki baba mdogo Masanja akapiga simu. Ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki. Alikuwa na upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Ng'wanawane, mwanangu, wewe huna kosa," akasema. "Umefanyiwa. Njoo na mkeo Jumamosi. Mtu wa kukusafisha tumeshampata, na huyo binti atarudi kwao taratibu, bila fujo."

Mlango wa kutokea ulikuwa mpana hivyo. Ningekubali tu kwamba nimelogwa, ningechanjwa chale, watu wangenipa pole, na uanaume wangu ungerudi mzima. Mama Limi ndiye angebeba jina la uchawi. Na anayeijua kanda hii anajua jina hilo likimganda mwanamke haliishii kwenye maneno. Tumeshazika akina mama kwa sababu yake.

Nilimwambia asiende, niende peke yangu.

Akasema, "Nisipoenda nimekiri."

Kikao kilikaa sebuleni kwa baba mdogo, Mhunze. Alikuwepo yeye, mama, na shangazi Kabula, dada mkubwa wa marehemu baba, mwanamke mwenye maneno machache na ugoro mwingi. Mganga alikuwa njiani. Mchoro ulilazwa juu ya stuli katikati yetu.

Baba mdogo akamgeukia mke wangu. "Binti, hii ni nini?"

Mama Limi alikuwa amepiga goti kwa adabu zote. "Ni karatasi, baba. Ilikuwepo kabla sijazaliwa. Mume wangu alikuwa nayo kabla hajanijua."

"Na kumpigisha goti mwanetu?"

Akainua uso. Halafu akasema, "Baba, kule Katoro jirani yangu anapigwa na mumewe kila akilewa, na ukoo wake haujawahi kukaa kikao. Mimi wangu ameniamkia, nimeitwa mchawi. Mengine muulizeni mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Mimi ninayefokea vijana kutwa nzima, sauti ilitoka ya mgonjwa.

"Mimi ndiye niliyemwomba," nikasema. "Kabla ya mahari. Napenda hivyo, na nimekuwa hivyo tangu ujana. Hajaniwekea kitu. Kama ni wa kusafishwa ni mimi, na mimi sijachafuka."

Mama akaanza kulia. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ndivyo limbwata linavyosema," akasema.

Wakuu, pale nilikata tamaa. Ukikana, umelogwa. Ukikiri, ndiyo umelogwa zaidi. Nilimtazama Mama Limi, naye alikuwa anatazama sakafu.

Shangazi Kabula ndiye aliyefungua mdomo. "Akikuamuru usilolitaka, unafanya?"

"Hapana, shangazi. Nasema Isaka."

"Isaka ya malori?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akamgeukia mke wangu. "Binti, mwamuru hapa tuone. Mwambie apige goti."

Mama Limi akanitazama. Nilijua hataki. Lakini akavuta pumzi, akasema kwa sauti yake ile ya Jumapili, "Baba Limi, piga goti."

Sitawadanganya, magoti yalishtuka. Ila mbele ya mama yangu na baba mdogo, hapana.

"Isaka," nikasema.

"Haya," akajibu, na akaacha. Hakurudia, hakununa. Aliinamisha macho kama mwanzo.

Shangazi akamgeukia baba mdogo.

"Masanja, aliyelogwa hana hapana. Huyu anayo, na mkewe anaisikia. Sisi wengine tumeolewa miaka yote hiyo na neno kama hilo hatujawahi kupewa. Mpigie mtu wako ageuze pikipiki."

Baba mdogo alikaa na simu mkononi muda. Akapiga.

Mama akafuta uso kwa kanga. "Kwa hiyo we mzima, ng'wanawane?"

"Mzima, mayu."

Akamvuta mke wangu kutoka pale chini, akamkalisha kando yake kwenye kochi. "Nisamehe, mwanangu. Mimi mumeo nilikuwa nimeshamzika."

Nililia, wakuu. Sioni aibu kuandika. Miaka yote nimeogopa kwamba siku ukoo ukijua, dari litaanguka. Wakajua, na dari likabaki juu. Shangazi akauchukua mchoro, akausogeza karibu na macho, akauliza mabuti kama yale mtu anayavua saa ngapi. Kisha akanirudishia, akasema shikamoo zetu tuwe tunazifungia mlango.

Baba mdogo mpaka leo ananisalimia akiangalia pembeni. Siwezi kumlazimisha. Mke wangu hamwiti tena mchawi, hilo linanitosha.

Kwenye basi Mama Limi alilala begani kwangu kabla hata hatujafika Shinyanga. Alikuwa hajalala vizuri tangu simu ile. Mimi nilikaa macho njia nzima, mwepesi, natabasamu hovyo hadi konda akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani siri yangu inanilinda, kumbe ilikuwa inamkaanga mwenzangu. Mimi ndiye mwenye hamu, yeye ndiye aliyekuwa anakwenda kulipia. Mtu ukipenda kitu kisichodhuru mtu, na mwenzio kakubali, uwe tayari kukisema siku jina lake likiguswa. Usipokuwa tayari, usimwombe.

Na jingine. Kupenda kuamriwa ni kitu kimoja, kukosa sauti ni kingine kabisa. Kuna nyumba nyingi huku mwanaume ndiye anayepigiwa magoti kila siku, na aliyepiga goti hana neno lolote la kusimamisha. Hizo ndizo za kukalia vikao.

Uwanja ni wenu. Nichambueni mimi, cheche nimezizoea. Mwenye uzoefu kama huu na anaogopa kuuweka wazi, PM iko wazi.

Uzi huu Mama Limi ameusoma kabla sijauweka. Kasema hauna uongo, ila kuna jambo silijui. Asubuhi ile ya kwenda Mhunze alipanga nguo zake na za watoto kwenye mabegi, akayaficha chini ya kaunta dukani, kwa sababu hakuwa na uhakika kama nitafungua mdomo. Aliyapangua tuliporudi, mimi nikiwa naoga.

Nimekaa na hilo tangu asubuhi. Haya, karibuni.