Nafasi Moja Kabla ya Nyota

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo kwa miaka mingi niliomba niisahau. Sasa sitaki tena kuisahau. Nimesikia umeanza kujifunza Linux, na sipendi ujikwae kwenye jiwe ambalo kidole changu bado kinalijua.

Wakati huo nilikuwa na chumba cha kompyuta Rodi Kopany, kando ya barabara ya kwenda Rongo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mashine mbili kuukuu, na kiburi cha kutosha mashine kumi. Virusi vilikuwa vimenisumbua mpaka rafiki yangu Ochieng, fundi wa Migori, akaniwekea Linux. Akanifunza amri za mwanzo: pwd ya kujua ulipo, ls ya kuona kilichopo, cd ya kuhama, cp ya kunakili. Alipofika kwenye rm, ile ya kufuta, alitoa mkono kwenye kibodi. "Omera, ndugu yangu, hii haina pipa la taka," akasema. "Ukifuta, umefuta." Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia tangazo la mazishi ya mtu asiyemjua.

Kuna tabia moja ya Linux iliyonichanganya, na huenda ikakuchanganya wewe pia. Haikupongezi. Ukiipa amri ikatekelezeka, inakaa kimya na kukuonyesha mstari mwingine mtupu. Sisi tumezoea mtu akitumwa arudi aseme, "Nimefika, wanakusalimu." Linux ikitumwa hairudi na salamu. Nilidhani kimya hicho ni ujinga wa mashine. Kumbe ni utii.

Aliyekuwa akija pale kila Jumanne na Alhamisi ni Mwalimu Akeyo, mama aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi. Mama yake alizaliwa kisiwani Takawiri, katika nyumba iliyokuwa bado ikisema Kisuba. Watoto wa visiwani sasa wanasema Dholuo, na Mwalimu aliona Kisuba kikizama hivihivi, mzee mmoja baada ya mwingine. Basi alikuwa akikusanya maneno yake: ya samaki, ya mvua, ya kilimo, ya mazishi, kila jambo na faili lake. Mengi aliyanakili kutoka madaftari yake. Lakini faili la kubembeleza watoto halikuwa na daftari. Dada ya mama yake, bibi kizee tuliyemwita Dani, aliletwa Rodi kwa matibabu. Akaketishwa kando ya kompyuta, akawa anaimba polepole huku Mwalimu akichapa moja kwa moja. Dani alirudi Takawiri, na haukupita mwezi tukasikia ametutoka.

Ijumaa ile nilitaka kufunga mapema niende Migori. Diski ilikuwa imejaa, nami nikaamua kufuta nakala za zamani katika folda ya Mwalimu, ambazo majina yake yote yalianza na neno nakala. Amri sahihi ilikuwa rm nakala* bila nafasi yoyote kabla ya nyota, maana yake, futa kila kinachoanza na neno hilo. Mimi nikabonyeza kitufe cha nafasi. Ikawa rm nakala *, na nyota ikisimama peke yake, mwanangu, maana yake ni kila kitu. Tena mbele nilikuwa nimeweka -f, inayoiambia mashine isiniulize. Haikuniuliza. Ilikaa kimya, ikanionyesha mstari mtupu.

Nikaandika ls nione kilichobaki. Kimya tena.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ningempigia Ochieng simu dakika ile, hadithi hii ingekuwa fupi. Badala yake nilifunga mlango nikaenda Migori, nikala ugali wa watu nikiwa nimekaa kama mgonjwa. Jumapili nilirudi nikaendelea na kazi kwenye mashine ileile. Kulikuwa na familia kutoka Magunga iliyotaka ratiba ya mazishi, yenye picha nyingi za marehemu. Nilizipakia zote. Nilichapa mpaka Jumatatu, kana kwamba kazi ingefunika aibu.

Jumanne Mwalimu akaja na mkoba wake. Nikamwambia stima ilipotea ghafla na mafaili yakaharibika.

"Pole," akasema, akinipa pole mimi. "Basi toa hiyo diski niipeleke Kisumu. Huko kuna mafundi."

Goti lake lilikuwa bovu. Hata ngazi mbili za mlango wangu alizipanda akishika ukuta. Nami nilijua fundi yeyote angeona mara moja kwamba si stima. Nikaongeza uongo wa pili. "Diski imeungua, Mwalimu. Hata Kisumu hawataiweza."

Hakulia. Aliketi kwenye kiti alichokalia Dani, akatazama kibodi muda mrefu, kisha akaenda zake. Kiti kile kilinitazama mchana kutwa. Jioni nikampigia Ochieng, nikamwambia ukweli angalau yeye.

"Tangu Ijumaa umeandika chochote kwenye hiyo diski?" akauliza.

"Ratiba ya mazishi. Na picha."

Akapumua. "Omera, faili likifutwa linabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Wewe umekuwa ukiwazika watu juu ya maneno ya huyo Mwalimu. Zima mashine sasa hivi."

Akanitumia CD yenye programu ya kufufua mafaili. Haikuwa tayari kutumika. Ilikuwa msimbo mtupu, maandishi ambayo ni lazima uyakompaili, yaani uyajenge mwenyewe yawe programu. Alhamisi nikaihamisha ile diski kwenye mashine ya pili ili nisiiandikie tena, nikaandika make, amri ya kuanza ujenzi huo, kama alivyonielekeza. Skrini ikajaa makosa, yakapita kama kumbikumbi. Nikarudia. Yakapita tena. Nilikuwa narudia mara ya nne niliposikia mkono ukishika ukuta wa mlangoni.

"Hiyo ni diski gani?" Mwalimu akauliza. "Si ulisema imeungua?"

Akasogea mpaka kwenye skrini.

"Na haya ni nini?"

"Makosa, Mwalimu."

"Mangapi?"

"Mengi. Siwezi kuyahesabu."

"Sikukuambia uyahesabu. La kwanza linasema nini?"

"Sijalisoma."

"Hujalisoma." Akavuta kiti akaketi. "Nimesahihisha insha tangu hujaota ndevu. Mtoto akikosea sentensi ya kwanza, ya kumi haina hatia. Panda juu, usome."

Nikapanda mpaka kosa la kwanza. Lilisema wazi kwamba kuna faili programu inalihitaji na halipo. Moja tu. Yale mengine yote yalikuwa watoto wake. Kifurushi chenye faili hilo kilikuwa kwenye CD ya kuwekea Linux, nikakisakinisha, nikaandika make, na mistari ikapita bila kulalamika mpaka mwisho. Niligeuka nikitabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Sasa tuje kwako," akasema. "Lako la kwanza ni lipi?"

Nikamwambia. Ijumaa, nyota, -f, ratiba ya Magunga, uongo wa stima, uongo wa kuungua. Alitaka kuona ile amri. Nikaiandika kwenye karatasi, naye akaweka kidole kati ya neno na nyota.

"Hapa tu? Nafasi moja?"

"Nafasi moja, Mwalimu."

Akakaa kimya, na kile hakikuwa kimya cha utii. Kisha akasema, "Basi na mimi nakupa nafasi moja. Angalia usiiweke kabla ya nyota."

Programu ilifanya kazi mpaka alasiri. Mafaili yalirudi bila majina, yakiwa na namba tu, na tukayafungua moja moja. Samaki wapo. Mvua ipo. Faili la Dani tulilipata, lakini nusu. Lilifika kwenye wimbo wa kumlaza mtoto anayeota meno, likakatika katikati ya neno, herufi nne tu. Baada ya hapo palikuwa na takataka za picha ya yule marehemu. Mwalimu alizisoma zile herufi nne kwa sauti, mara mbili, akitega sikio kama anayesubiri mtu amalizie. Laiti ningesema Ijumaa, lingekuwa zima. Hilo ni langu, sitalipunguza.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilichapa ukurasa ule uliokatika, nikaubandika ukutani kila mahali nilipofanya kazi. Mwaka huu mama mmoja mfanyabiashara wa omena, dagaa wa ziwani, kutoka Takawiri alikuja kutoa nakala ya kitambulisho, mtoto mgongoni akilia. Wakati anasubiri alisoma ukutani, akacheka kidogo, akaanza kuimba akijitikisa. Alipofika kwenye zile herufi nne hakusimama. Alipita tu, kama mtu anayevuka mlango wa kwao.

Nilimpigia Mwalimu simu, mama yule akamwimbia mpaka mwisho. Kisha Mwalimu, ambaye sasa haoni vizuri, akasema, "Chapa. Halafu weka nakala mbili, na moja isikae kwako."

Mwanangu, jifunze amri zote, na usiogope ule mstari mtupu. Kabla ya rm andika ls kwanza, uone unachotaka kugusa. Usiiambie mashine isikuulize, wala usiwaambie watu hivyo. Ukikompaili makosa yakajaa, panda juu usome la kwanza. Na ukikosea, kwa maana utakosea, toa mkono kwenye kibodi na useme siku hiyohiyo. Kinachofutwa huweza kurudi, ila si pale unapoendelea kuandika juu yake.

Mungu akupe mikono mipole na watu wa kukuuliza. Kila nafasi uipatayo ikae mahali pake, na neno lolote litakalokatikia mikononi mwako, lipate mtu wa kulimalizia.