Jembe la Kabemba

Yaya Fidélie hakai. Ukimpa kiti anakishika mgongo, anazungumza nawe amesimama, na kabla hujamaliza neno unasikia malapa yake yameshatoka uani. Hapa mtaani Kapata watu wanasema matako yake hayajui umbo la kiti. Mi ni mdogo wake, ndiyo maana namwita yaya, dada mkubwa; mama zetu ni ndugu, jina langu Yolande. Nauza maandazi kwenye njia inayoingia katika nyumba za zamani za kampuni ya madini, na nimechoka kumkimbilia huyu mwanamke nyuma tangu utoto. Wazee wakimwambia pole pole ndiyo mwendo, anawajibu, "Mwendo ya nani?"

Zamani hakuwa hivyo. Aliolewa na Kabemba, mtu mpole, Muluba wa kule kaskazini. Wakwe walileta mahari kwa baba yake: vitenge, mbuzi, na jembe jipya. Vitenge vilichakaa, mbuzi aliliwa siku ile ile, sote tulikula. Lakini kwa watu wa Kabemba jembe ndilo ndoa yenyewe. Mkiachana, jembe linarudi mbele ya watu na upande wa mume unalipokea. Lisiporudi, hata ukihamia mwisho wa dunia, wewe bado ni mke wa watu.

Walizaa mtoto mmoja, Shekina. Homa ilimchukua kabla hajajua kutembea. Baada ya hapo Kabemba akakaa. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, kimya, asubuhi mpaka jioni. Yaya Fide naye akasimama. Alifagia ua uliokwisha fagiliwa, aliteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, alikwenda sokoni na kurudi mikono mitupu. Hawakugombana hata siku moja, na ndiyo iliniudhi, maana watu wakigombana unaweza kuwapatanisha. Asubuhi moja alibeba sufuria yake na godoro, akapanga chumba upande wa pili wa Kapata. Kabemba alimwangalia akipita, akavuta miguu yake ndani ili ampishe njia.

Basi waliachana kwa mizigo. Kwa jembe, bado. Baba wa Yaya Fide alipofariki, jembe likaja kwake, na kazi ya kulirudisha ikawa yake. Akasema juma lijalo. Juma lilikuja, likapita, na mengine nyuma yake. Mtu wa haraka kama yule, kwa jambo hilo moja alikuwa mzito kama gunia la unga. Tena akawa analima nalo shamba lake la mihogo. Nilimtania, "Yaya, ule anaachana na bwana lakini analala na jembe yake." Alinitupia ganda la muhogo.

Kazi yake iko Mutoshi, kwenye machimbo, majini. Wanaume hawataki mwanamke asogee kwenye mashimo yao, eti madini yatakimbia. Wanawake wanakaa kando ya maji, wanaosha mawe na kuyachambua, ya kijani huku, yasiyofaa kule. Wenzake wanakaa. Yeye anainama, anachambua amesimama, mgongo wa chuma sijui.

Huko ndiko alikutana na Badibanga, anayeuza vipuri vya pikipiki. Badibanga ni Mkasai, mtu wa jimbo jingine kwa asili, ila alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Ile miaka Wakasai walipofukuzwa huku kwetu, yeye na mama yake waliingizwa kwenye treni, baba akabaki stesheni gari moshi likiondoka, na hawakumwona tena. Alirudi akiwa mtu mzima. Alimpenda Yaya Fide, na mi nilimpenda kwa sababu alimpenda. Lakini habari ya jembe ilipomfikia, alisema neno moja tu. "Mi niliona batu banaachana bila kuagana. Sitaki kuoa mutu mwenye hakuagana. Urudishe jembe, njo nitakuya kwenu." Yaya Fide akaahidi, mvua ikiisha.

Mvua haikuisha. Kabemba akafa.

Habari ilinikuta kwenye maandazi yangu. Niliacha mafuta motoni kwa jirani, nikapanda pikipiki mpaka Mutoshi. Nilimkuta mikono majini.

"Yaya, Kabemba amekufa."

Aliendelea kuchambua. Jiwe huku, jiwe kule. Nikafikiri hakusikia, nikarudia.

"Nimesikia. Banamuzika lini?"

"Leo, mangaribi."

Hapo akanyooka, maji yanamchuruzika viwikoni. "Jembe," akasema.

Na kweli. Kabemba akiingia kaburini na jembe likiwa kwa Yaya Fide, basi yeye ndiye mjane. Watamkalisha kwenye mkeka, watamnyoa, watamvika nyeusi, atangoja mwaka mzima mpaka watu wa bwana wamwachilie. Badibanga si kijana, na mtu aliyekwisha kungojeshwa na maisha hangoji tena. Ilibidi jembe lifike kabla sanduku halijatoka nyumbani.

Tulipita kwanza shambani. Jembe lilikuwa limesimama kwenye tuta, pale alipoliacha. Alilichomoa, akalifuta kwa kitenge alichovaa. Nikaona jinsi lilivyolika. Jembe lililokuja pana kama sahani sasa lilikuwa linatosha kiganja. Sikutania.

Tukapanda wawili nyuma ya mwenye pikipiki, jembe katikati yetu linanichoma ubavu. Malori ya madini yalikuwa yamejipanga barabarani, vumbi huoni mbele, na Yaya Fide anampiga yule dereva begani, pita, pita huku, we unaogopa nini. Dereva akaniuliza kama huyu mama ni mzima. Nikamwambia aendeshe.

Kwa Kabemba walikuwa wametanda bashi, turubai kubwa, uani, na chini yake viti vya plastiki, wageni wamejaa. Ndani, sanduku lilikuwa katikati ya chumba, na pembeni, upande wa kichwa, mkeka mmoja mtupu. Wanawake walipomwona walinyanyuka. "Bibi ya marehemu amefika," mmoja akasema, na mikono ikaanza kumfungua kitambaa cha kichwa. Akaikwepa.

Kule nyuma, kwenye masufuria, niliona Mignonne. Yule ndiye aliyeishi na Kabemba miaka hii ya mwisho, akamwogesha alipougua, akamlisha kwa kijiko. Lakini hakuna jembe lililopelekwa kwa baba yake, kwa hiyo siku ya kilio alipewa mwiko ageuze bukari, ugali wa wageni. Niliona haya kwa niaba ya ukoo mzima.

Tata Nkulu, mjomba wa marehemu, alitoka amekunja uso. Yaya Fide akamwonyesha jembe. Mzee akalipokea, akaligeuza huku na huku.

"Hii jembe ilikuwa wapi miaka yote?"

"Mu shamba, tata."

"Imeisha."

"Nililima nayo."

"Mutu anaachana na bwana, halafu analima na jembe ya bwana?"

Mtu nyuma yetu akacheka kidogo. Mzee akamrudishia jembe mikononi.

"Uiweke chini we mwenyewe, mbele ya batu. Mi nitaipokea, sitakatala. Lakini usikie muzuri, mama. Nikishaiokota, huyu mufu si wako. Hutaikala ku mukeka, hutafuata sanduku pamoja na batu ya nyumba. Umefika mugeni, utarudia mugeni."

Yaya Fide alisimama nalo. Nje walikuwa wanaimba, wimbo ukafika mwisho, ukaanza tena. Mi nilimfinya mkono. Nasema ukweli, nilitaka aliweke upesi twende zetu, nilimwona Badibanga machoni, niliona harusi. Akainama, akaliweka. Tata Nkulu akaliokota, akampa mtu alisimamishe nyuma ya mlango.

"Imerudi. Fidélie, uende salama."

Miaka yote ile, na imekwisha kwa muda wa kuinama. Nilifurahi, Mungu anisamehe, ndani ya nyumba ya kilio nilifurahi. Nikamnong'oneza kwamba pikipiki inatungoja, naye akageuka kuelekea mlangoni.

Ndipo mzee akaita, "Mignonne." Maana mkeka hauwezi kubaki mtupu na mtu anatolewa nyumbani kwake. Yule dada akaja, mikono bado ina unga. Wanawake wakamfungua kitambaa, wakamkalisha, wakamshika huku na huku ili asianguke. Akaweka shavu kwenye sanduku, akalia, "Kabemba, kigoda yako mlangoni, nitaiangalia namna gani?"

Yaya Fide akasimama pale pale. Kisha ikamtoka sauti. Siku ya Shekina hakulia hivyo, siku ya Shekina alifua nguo. Alirudi ndani, hakusukuma mtu, alikwenda tu kuelekea mkeka kama anayekwenda kwake. Mama mmoja mzee akasimama mbele yake, akamshika kiwiko kwa upole.

"Mama, bageni banaikala inje."

Akamwongoza mpaka chini ya bashi, akamsogezea kiti cha plastiki. Na Yaya Fide akakaa. Wakamletea sukre, chupa ya soda ya machungwa, kama wanavyomletea mgeni yeyote. Aliishika kwa mikono miwili, haijafunguliwa.

Sanduku likatoka. Mignonne alipita mbele yetu ameshikiliwa mabega. Watu wa nyumba wakafuata, wimbo ukaenda nao mpaka haukusikika tena. Sisi tulibaki. Simu ya Yaya ikalia, ni Badibanga, akaitazama akanipa.

"Imerudi, tata," nikasema.

"Mungu asifiwe. Umuambie kesho nakuya na bakubwa."

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa umeme umerudi.

Wenye viti walianza kuvipanga, kimoja juu ya kingine, wakatuzunguka mara ya kwanza, mara ya pili. Nikamwambia yaya, twende, giza linaingia. Hakusogea. Mi niliyemkimbilia nyuma maisha yangu yote sikujua nifanye nini na Fidélie aliyekaa.

"Yolande," akasema, "mufu wa benyewe, banamulilia mpaka saa ngapi?"

Nilichukua ile chupa, nikaifungua kwa meno, nikamrudishia mkononi. Kisha nikamnyang'anya mwenye viti kiti kimoja, nikakaa karibu naye.