Nilimukimbiza Papa Bokilo Juu ya Amidon

Kosa ni yangu, nasema wazi. Musitafute shetani wala mulozi. Ni hii kichwa yangu, ile batu banasemaka iko na akili!

Niko nasoma master ya mécanique des fluides hapa Bunia: namna maji, mafuta na hewa inapitaka. Muchumba wangu, Furaha, ananingoja tangu zamani, hajalalamika hata kidogo.

Siku ya kujionyesha kwa famille yake, papa yake, bokilo wangu, shemasi wa kanisa, akaniuliza: "Mutoto, hii mécanique yako, ni ya garage?" Batu bote bakacheka. Aah, roho iliniuma!

Ningenyamaza tu. Lakini mi nikaanza kujitapa: "Papa, unajua amidon ya muhogo, ule unga mweupe wa kupigia nguo pasi? Ukiichanganya na maji kidogo, mutu anaweza kukimbia juu yake bila kuzama. Asisimame tu! Siku ya dot, nikileta mahari, nitakuonyesha."

Basi siku ya dot, wenzangu bako nabeba mbuzi na pagne za kitenge za mama ya Furaha, mi niko nachimba shimo mu parcelle ya bokilo, mbele ya nyumba yake! Nikatandika bâche ya plastiki, nikajaza amidon nilitumiwa kutoka Komanda, nikaikoroga na maji kwa furaha yote.

Muzee akakuya na suti nyeusi na kofia. Akaniangalia, akaangalia shimo, akaingia mbio. Mungu wangu, anapita, anarudia! Juu ya ile maji nyeupe, na viatu! Bamama bakapiga vigelegele. Mi nikajiona profeseri tayari.

Kumbe tulisahau kufungua siku na maombi! Shangazi ya Furaha, kuona kaka yake anatembea juu ya maji, akainua mikono: "Haleluya! Tuombe!"

Na hapa kwetu mutu akisema "tuombe", hata kama nyumba inawaka moto, unasimama. Muzee akasimama. Katikati! Akatoa kofia, akafumba macho, akaanza kuzama polepole. Na maombi ya ile shangazi haiishake mbio!

Nilikuwa naona, ndugu zangu. Lakini nani atakata maombi mbele ya bokilo? Nikafumba macho, jicho moja tu.

Amina ilimukuta amezama mpaka magoti. Bajomba ya Furaha bakamurukia, bakamuvuta kwa nguvu. Ikakaza! Bakavuta zaidi, ikakaza zaidi, sababu amidon iko vile, na hiyo mi sikubaambia. "Polepole!" nikalia. "Weye nyamaza!" bakanijibu. Muzee akatoka na soksi, viatu vikabaki ndani.

Dot ikasimama pale pale. Mbuzi tukarudi nazo. Furaha alicheka mpaka akakaa chini, kisha nikaona machozi inamutoka, na haikuwa ya kucheka tena. Nilisikia haya, jamani!

Juma iliyopita nikarudi na viatu vipya, kuomba siku ingine. Muzee akavivaa, akazunguka kiwanja kidogo, akakaa.

"Mutoto, somo yako nilishika muzuri," akasema. "Mutu akivuta haraka, inakaza. Ni vile?"

"Ni vile, papa."

"Sasa binti yangu pia, usimuvute haraka."

Nyinyi bote munasoma, mukienda kwa bokilo, muanze na maombi. Masomo yenu muiache ku mulango. Mi niko hapa, nangoja polepole.